Mlango Wenye Namba

Alikuwepo mama mmoja, mwili wake ulikuwa mmoja na vyumba vyake vilikuwa vitano. Jina lake Tunu. Alikaa kule milimani, kwenye mtaa mdogo wa nyumba kumi na moja unaopanda kama ngazi, mtaa wa baridi na mapeasi, ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni bila kubisha. Nyumba yake ilikuwa ya nne ukitokea chini, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Aliijenga mume wake, marehemu Mbelwa. Watu walimuuliza, wewe una mtoto mmoja tu, vyumba vitano vya nini? Akawajibu, "Vya misiba." Wakacheka, lakini hakuwa anatania. Kwetu kule mtu akifiwa, ndugu wanatoka mbali, Handeni, Korogwe, mpaka Tanga mjini, wanalala matanga siku tatu. Nyumba ya mfiwa haiwatoshi. Basi Mbelwa alijenga chumba cha mbele, chenye mlango wake kutokea njiani, na hakukiwekea kitanda hata siku moja. Ilikuwa sakafu tupu, imesuguliwa, na mlango wa kusukuma. Msiba ukitokea popote mtaani, hakuna aliyekwenda kumwomba. Wanawake walijitwika mikeka, wakaja, wakasukuma mlango, wakaingia. Ilikuwa hivyo miaka yote. Ishikeni hiyo sakafu, wanangu, na huo mlango ushikeni.

Mbelwa akafa. Waliolala matanga yake walilala humo humo chumba cha mbele. Baada ya hapo nyumba ikaanza kuchoka kama mwenyewe. Mabati yakatoboka, mbao za juu zikaliwa na mchwa, na mvua ikinyesha Tunu alikuwa anazunguka na mabeseni kama mtu anayelisha kuku. Mtoto wake Riziki anakaa Dar es Salaam, ghorofa ya nne. Akamwambia, "Mama, chagua. Au uje ukae kwangu tuiuze, au nyumba ijitunze yenyewe." Tunu hakutaka kuuza. Kaburi la Mbelwa liko nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na kila siku akitoka jikoni analiona.

Riziki akaja na simu yake, akapiga picha vyumba, akaziweka huko wanakotafuta wasafiri mahali pa kulala siku moja, siku mbili. Na kweli wakaja. Walikuja wanaopenda kutembea milimani, walikuja maharusi, walikuja watu wa maofisini waliochoka na joto la mjini. Tunu akahamia chumba cha uani, karibu na jiko. Chumba cha mbele kikapewa kitanda kikubwa kuliko vyote, kwa sababu dirisha lake linatazama bondeni. Na mlangoni Riziki akatia kitasa kipya, na pembeni akapigilia kijisanduku cha chuma chenye namba. Mgeni anatumiwa namba kwenye simu, anabonyeza, kijisanduku kinafunguka, anatoa ufunguo, anaingia. "Mama," alisema Riziki, "hutasumbuka tena kumfungulia mtu mlango."

Hakusumbuka. Mabati mapya yakapanda, mbao zikabadilishwa, na mvua ikinyesha Tunu alilala anaisikiliza tu. Sitamlaumu kwa hilo. Aliyewahi kulala katikati ya mabeseni hawezi kumlaumu.

Lakini mtaa ukaanza kusema. Bombani wanawake walisema, "Hoteli ya Tunu imeamka, wengine tukae na ndoo zetu mpaka waoge." Mwingine akasema, "Mimi juzi nimewaambia habari za asubuhi, wakanipiga picha." Na Mzee Kiluwa, fundi seremala mstaafu, anayekaa nyumba ya juu kabisa, alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Nimezaliwa njia hii. Leo magari yamejaa, napita ubavu kama mwizi wa kuku!"

Tunu alisikia, na hakukaa na kiburi. Alinunua tangi la maji ili wageni wake wasiguse bomba la mtaa. Alimwambia Riziki aandike kule kwenye simu kwamba muziki hakuna baada ya isha. Aliwaambia wageni waache magari chini, kwenye mashine ya kusaga, wapande kwa miguu. Na kila alipotengeneza jambo moja, alituma sahani ya vitumbua nyumba kwa nyumba.

Mnajua sahani ya jirani inavyokwenda. Hairudishwi mikono mitupu. Unaweka yai, unaweka kipande cha boga, huna kitu unaweka hata chumvi kidogo kwenye karatasi. Sahani za Tunu zilirudi zimeoshwa mpaka zinang'aa, na ndani hamna kitu. Ya kwanza, ya pili, ya tano. Zote safi, zote tupu.

"Wivu huo, mama," alisema Riziki kwenye simu. "Wamekuona una bati jipya." Tunu akataka kuamini. Ni raha kuamini kwamba watu wanakuchukia kwa bati lako.

Kisha ikaja barua. Mzee Kiluwa aliiandikisha, akampelekea balozi wa mtaa: nyumba ya Tunu ifungwe kwa wasafiri. Jumapili baada ya alasiri mtaa wote ukutane kwa balozi, anayekubali aweke dole la wino, na madole yakizidi nusu ya nyumba, barua iende kwa serikali ya mtaa. Tunu alijua maana yake. Wageni wakikatika, bati la mwakani halina wa kulilipia. Nyumba itauzwa. Yeye atakwenda kuzeekea ghorofa ya nne, anatazama paa za watu asiowajua, na Mbelwa atabaki chini ya migomba na mwenye nyumba mwingine.

Akaanza kuhesabu milango. Huyu ataweka dole, huyu hataweka. Kwenye mlango wa Saumu hakuwa na wasiwasi. Saumu anakaa mkabala naye, njia tu imewatenga. Waliolewa mwaka mmoja, walinyonyesheana watoto, mmoja akiwa shambani mwingine anampa ziwa mtoto wa mwenzake. Ndipo akaletewa habari: Saumu ameapa yeye dole lake litakuwa la kwanza.

Jumamosi asubuhi Tunu akachukua sahani ya vitumbua. Hakuituma. Alivuka njia mwenyewe. Alimkuta Saumu kakaa kizingitini na ungo, anamenya maharage mabichi.

"Hodi, mwenzangu."

"Karibu. Kigoda kile pale."

"Sikai. Maji nimeyaondoa, makelele nimeyaondoa, magari nimeyaondoa. Niambie, kimebaki nini?"

Saumu alimenya ganda moja, akamenya la pili. "Hujui?"

"Sijui."

"Nilipofiwa na mume wangu," Saumu akasema, na hakunyanyua macho, "tulikuja na mikeka kichwani, Tunu, tukakuta mlango wako una namba."

Ilikuwa hivi. Masika ya mwaka uliopita mume wa Saumu alikufa ghafla. Ndugu wakaja kutoka Handeni, na kati yao mama mzazi wa Saumu, bibi kizee wa kushikwa mkono. Jioni wanawake wakajitwika mikeka wakavuka njia kama walivyozoea, wakasukuma mlango. Haukusukumika. Walisimama wakakitazama kile kijisanduku. Hawakubisha hodi, maana mlango ule tangu ujengwe haujawahi kubishwa, na wao hawakujua hodi inabishwaje mahali ambapo anayejibu ni namba. Wakageuka. Wakalala chini ya turubai, na mvua ya masika mnaijua, haianguki tu kutoka juu, inatembea na chini. Mama yake Saumu akaondoka na kifua kikali. Alipona, lakini mtaa ule hakuukanyaga tena.

Tunu alifungua kinywa aseme, mbona hamkuniita? Mimi mchana kutwa si nilikuwa msibani, nimechambua mchele na ninyi? Neno hilo lilikuwa la kweli, na lilikuwa tayari ulimini. Lakini halikutoka. Kwa sababu aliikumbuka jioni ile. Alikuwa amerudi jikoni kwake kuwapikia wageni wake wanne waliokwisha kulipa. Kwenye dirisha dogo la jiko aliiona mikeka imesimama mbele ya mlango. Aliiona. Na yeye akainama kupuliza moto. Akapuliza, akapuliza, mpaka aliponyanyuka mikeka haikuwepo. Akajiambia, wamepata kwingine. Na tangu siku hiyo hakuliuliza tena jambo hilo, wala kwa mtu, wala moyoni mwake.

Akasema, "Niliwaona."

Saumu akaweka ungo chini. "Nilijua. Moshi wako ulipanda ghafla."

Basi. Hawakulia, hawakukumbatiana. Tunu alikaa kwenye kile kigoda alichokikataa, akavuta ungo, wakamenya maharage wote wawili mpaka yakaisha. Hakuna aliyesema samahani na hakuna aliyesema imepita. Tunu akaamka akaenda kwake.

Akachukua nyundo ya marehemu. Akakigonga kile kijisanduku mpaka kikang'oka na plasta yake. Akamwita Riziki kwenye simu.

"Mama, umefanya nini? Wageni wataingiaje?"

"Watabisha hodi."

"Kwako huko uani nani atasikia?"

"Hawabishi kwangu. Watabisha kwa Saumu, ufunguo atakaa nao yeye."

"Amekubali?"

"Bado sijamwomba," alisema Tunu, akakata simu.

Jumapili mtaa ukakaa kwa balozi. Mzee Kiluwa alisomewa barua yake, kila mstari anatikisa kichwa kuukubali. Balozi akamwuliza Tunu kama ana la kujitetea. Tunu alisimama, akafungua kanga, akaweka mezani kijisanduku kilichopinda na ufunguo.

"Mzee Kiluwa amesema kweli yote," alisema, "ila kubwa hakuliandika. Nitalisema mimi." Akawaeleza habari ya mikeka, na dirisha la jiko, na moto. Hakuruka kitu. Watu walitazama chini, maana ni kazi kumtazama mtu anayejivua mbele yako. Kisha akasema, "Chumba cha mbele nimekitoa kitanda. Hakipangishwi tena, kitasa nimekitoa, ni cha kusukuma kama zamani. Ufunguo wa vyumba vya wageni namwomba Saumu akae nao. Mgeni akija aanzie kwake, amsalimie, asiyeweza kumsalimia Saumu asilale kwangu. Na Saumu akikataa, balozi, nipe wino. Dole la kwanza kwenye barua hiyo litakuwa langu, nihame."

Macho yote yakaenda kwa Saumu. Akajifunga kanga upya, akaifungua, akajifunga tena.

"Hao wageni wako," alisema, "chai ya tangawizi wanakunywa?"

"Watakunywa," alisema Tunu.

Saumu akasogea mezani, akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga, akaukaza fundo kwa meno.

"Mimi neno langu ni lile lile!" alisema Mzee Kiluwa.

"Neno lako ni lako, mzee wangu," alisema balozi. Akaikunja barua mara nne, akaisukumia chini ya mguu wa meza, kwa sababu meza ile siku zote ilikuwa inacheza.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Wageni wengine walikuja wakamkuta Saumu shambani, wakakaa juu ya mabegi yao. Wengine walishangaa wanakalishwa na kupewa kikombe kabla ya ufunguo, wanaulizwa umetoka wapi, mama yako mzima, anajua kama uko huku? Siku moja Riziki akapiga simu anacheka na huku amekasirika. "Mama, kuna mmoja ameandika malalamiko. Anasema jirani alimuuliza kwa nini hajaoa."

"Kwani ameoa?"

"Bado."

"Basi akija tena aulizwe tena."

Lakini mtu aliyekunywa chai yako hawezi kukupita bombani kama jiwe. Wageni wakaanza kusalimia, tena kwa majina. Mtaa ukaanza kuwajua, huyu wa Morogoro, huyu daktari, hawa wawili wamegombana jana wamepatana leo. Na siku wageni wakiwa wengi, Saumu alikuwa anauza maharage yake na mapeasi yake pale pale kizingitini.

Chumba cha mbele kikakaa kitupu. Sikukuu zilipita, watu wanaomba kulala, Riziki analia na mama yake, "Chumba chenye dirisha zuri kuliko vyote, mama, kimekaa kinamsubiri nani?" Tunu alikuwa anakipiga deki kila Ijumaa, anafunga mlango, anaondoka. Mwaka ukapita, mtaani hakufa mtu. Wakaanza kumtania bombani, "Jamani angalieni afya zenu, Tunu ana chumba kinatungoja." Hata yeye alicheka. Mzee Kiluwa hakucheka. Alikuwa anapita anasalimia kwa kuguna, na sahani akitumiwa, inarudi kama ilivyokuwa siku zote, safi na tupu.

Mvua za vuli zikaja. Na wa kwanza kufiwa akawa Mzee Kiluwa. Mke wake alikuwa mgonjwa siku nyingi, akaondoka asubuhi moja ya ukungu. Mzee aliwaita wanawe akawaambia, "Fungeni turubai. Na mtu wa nyumba hii asithubutu kwenda kubisha hodi kule kwa Tunu." Aliona haya, si chuki. Mtu aliyetaka kuufunga mlango wa mwenzake anaona haya kuusogelea.

Na hakuna aliyebisha. Jioni ndugu walipofika kutoka Korogwe, wamelowa, Saumu alijitwika mkeka wake, akatangulia mbele yao akishuka njia. Alipofika hakusimama, hakutazama kitasa kama kipo au hakipo. Alisukuma kwa goti. Ndani walikuta sakafu imekauka, taa inawaka, na sufuria kubwa ya chai imefunikwa. Tunu alikuwa jikoni kwake anapuliza moto, na dirisha dogo alikuwa ameliacha wazi kabisa. Wageni wake wawili wa Arusha walikuwa wanachota maji kwenye tangi wanapeleka juu msibani, hawajavaa hata viatu. Hawakutumwa na mtu.

Siku tatu watu walilala pale. Tunu alituma chakula juu kwa mzee, na kati ya vyombo ilikuwemo sahani yake. Matanga yakaanuliwa, watu wakaenda kwao.

Arobaini ilipokwisha, asubuhi mapema, Tunu akasikia hodi uani. Alikuwa Mzee Kiluwa, kofia kaishika mkononi, na mkono wa pili sahani.

"Nimekurudishia sahani yako, shemeji."

Tunu akaipokea. Ilikuwa nzito. Mlikuwa na mapeasi matatu, madogo, ya kijani, magumu kama mawe. Msimu ulikuwa bado.

"Hayajaiva," alisema mzee, anatazama migomba pale alipolala Mbelwa.

"Yataiva," alisema Tunu. "Nitayaweka kwenye pumba. Karibu kigoda."

Akakaa.

Sasa mimi nimemaliza habari ya Tunu. Nyumba yake hamtaiona, lakini kila mmoja wenu anayo ya kwake humu kifuani, na najua wengi mmeiezeka vizuri, mvua haiingii. Ninachowauliza ni kimoja: akifika mwenye mkeka kichwani, mlango wako ataukuta wa kusukuma, au ataukuta una namba?